Nyasi Tulizowatandikia Wageni

Kemilembe mwanangu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua. Nikianza nazo nitakukirimu kwa maneno matamu mpaka karatasi iishe, na kesho utapanda basi bila kujua nilichotaka kukuambia. Ukarimu umenigharimu sana mimi, na umekugharimu wewe zaidi. Kwa hiyo nivumilie, leo nianze bila adabu.

Umeenda Bugomora kumuaga bibi yako, baba yako amekupeleka kwa pikipiki, na mtarudi jua likiwa linazama. Nimebaki na kuku na kalamu. Mama wengine wangekuandikia jinsi ya kula vizuri chuoni, jinsi ya kufunga mlango, na habari za wanaume. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua bila mimi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mguu wako wa kushoto.

Umekua ukijua kwamba ulikatwa na jembe. Ulikuwa na miaka sita, ukamfuata baba yako kwenye migomba, jembe likateleza, vidole viwili vikaenda. Hivyo ndivyo nilivyokusimulia, na homa ya siku zile ilikuwa imekufutia mengine. Wiki iliyopita nilikusikia ukimsimulia hivyo hivyo yule binti wa duka la dawa kule Omurushaka, tena ukatia chumvi: damu ilivyoruka, baba alivyolia. Nilikuwa nyuma yako nimeshika mfuko wa sabuni, nikajiona mwizi. Hakuna jembe lililokugusa, Kemi. Vidole vyako vimeondoka kwa sababu ya funza, na kwa sababu yangu.

Kaa chini kwanza kama umesimama. Nitaeleza yote, na sitajipunguzia.

Mwaka ule nilikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Unaikumbuka ile fulana ya kijani ambayo sasa tunafutia meza? Nilikuwa naivaa kama askofu anavyovaa kofia. Napita nyumba kwa nyumba nasema: fagieni, mwagieni maji vumbi, waosheni watoto miguu, funza ni uchafu. Nilikuwa mkali. Mama akiniona natokea kwenye migomba alikuwa anamwita mtoto ndani upesi upesi. Nilidhani hiyo ni heshima.

Basi wakaja wageni wa utafiti kutoka mjini. Walitaka kujua funza wameenea kiasi gani huku Karagwe na Kyerwa, ili dawa ipelekwe panapohitajika. Mwenyekiti wa kitongoji aliniita akanipa kazi ya kuwatangulia. Akaniambia, akitia na lile neno letu la heshima, "Mama Kemi, hawa wametoka mbali waitu. Usituaibishe."

Nilipaswa kuwaambia watu tu kwamba wageni wanakuja. Mimi nikasema, "Wageni wanakuja, jiandaeni." Na wewe unajua sisi tukiambiwa tujiandae tunafanya nini. Siku mbili nzima wanawake walikuwa mlimani na mundu, wanakata nyasi. Vyumba vya udongo mtupu vikatandikwa nyasi mbichi nene, zinanukia, mpaka ungesema ni harusi. Kahawa ya kutafuna ikaandaliwa kwenye visahani. Watoto wazima wakasuguliwa mpaka wakang'aa. Watoto wenye miguu mibovu wakapelekwa kwa shangazi, kwa bibi, kwa yeyote aliye mbali na barabara. Hakuna aliyetuamuru. Mgeni huwezi kumwonyesha kidonda, ndivyo tulivyolelewa.

Na mimi mwenye fulana ya kijani, niliyekuwa nikiwafokea wenzangu, mwanangu alikuwa anachechemea. Ulikuwa na funza kwenye vidole vya mguu wa kushoto, chini ya kucha na pembeni. Wiki nzima nilikuwa nikikuvalisha soksi ili majirani wasione. Siku moja kabla ya wageni nilikubeba mgongoni alfajiri nikatafuta gari la Bugomora. Uliniuliza, "Mama, tunaenda wapi?" Nikakujibu bibi anakuita. Ulifurahi sana. Ulikuwa unaimba mgongoni.

Wageni wenyewe walikuwa vijana wazuri, sina neno nao. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye nyasi zetu, wakafungua vishikwambi vyao wakauliza, "Katika nyumba hii kuna mtu yeyote mwenye funza?" Nyumba baada ya nyumba jibu ni moja: "Hatuna waitu, tunamshukuru Mungu." Nani angesema anao, wakati mimi niliyewatukana kwa ajili ya hao hao funza nimekaa pale pale natafuna kahawa? Tukafika kwetu. Binti mmoja akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Yuko wapi? Kwa bibi yake, amekwenda kusalimia. Miguu yake? Mizima. Akabonyeza kioo chake, akanishukuru kwa ushirikiano.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja kweli, na dawa alikuwa tayari kuileta. Mwenyeji ndiye aliyeufunika ugonjwa kwa nyasi.

Nyumba moja tu haikufunika, nayo ni ya Mama Konsolata. Wewe unamjua kama jirani yetu mwenye vicheko, lakini wakati ule alikuwa anakaa kwenye kibanda ndani ya shamba la tajiri mmoja, yeye na mumewe wakipalilia kahawa ya watu. Wazazi wao walitoka Burundi, na hapa hawakuwa na ndugu wa kuwapelekea watoto. Tulipofika sakafu ilikuwa vumbi tupu. Nikamuuliza kwa ukali mbona hajatandika. Akanijibu, "Nitandike nimfiche nani? Hawa hapa. Waangalieni." Akawakalisha watoto wake watatu, akanyanyua miguu yao mmoja mmoja mbele ya yule binti. Mimi nilisonya. Naandika kwa mkono wangu ujue: mama yako alisonya.

Ripoti iliporudi tuliitwa kwenye mkutano wa kata. Ilisomwa kwamba kwetu tatizo la funza ni dogo, na linaonekana kwenye kaya za vibarua wahamiaji. Dawa zikaenda kwingine. Watu wakatikisa vichwa wakaambiana, "Si tulisema? Ni wale." Haukupita mwezi, tajiri akamwambia Mama Konsolata aondoe watoto wake wenye funza shambani mwake. Alitoka na godoro kichwani. Yeye peke yake ndiye aliyesema kweli, na sisi waongo tukabaki kwenye nyumba zetu tukiwa na sifa ya usafi.

Wewe wakati huo ulikuwa umesharudi kutoka hospitali. Wageni walikaa kwetu siku nyingi kuliko nilivyotegemea, na kila siku nilisema kesho nitamfuata mtoto, lakini nilikuwa naogopa nisionekane nimekubeba. Bibi yako alifanya alilolijua. Alikutoa funza kwa pini, pini ile ile aliyowatolea wajukuu wengine, kisha akapaka majivu. Nilipokuja hatimaye, mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo na una harufu. Ulikuwa huimbi tena. Daktari aliniuliza, "Kwa nini mmechelewa?" Nikamwambia ni jembe, tulidhani litapona. Alinitazama, akautazama mguu, akanitazama tena. Daktari anaijua alama ya jembe. Kisha akakupeleka chumba cha upasuaji.

Bibi yako anajua, baba yako anajua. Niliwaapisha wote wawili. Usiwakasirikie. Nikasirikie mimi, nipo, nina mabega.

Sikuandikii haya ili nikulilie. Nimelia vya kutosha na kulia hakujaotesha kidole hata kimoja. Nakuandikia kwa sababu kesho unaenda kusomea afya ya jamii, na siku si nyingi wewe ndiye utakayekaa kwenye nyasi za watu ukiuliza maswali. Siwezi kukuacha uende kuuliza ukweli wa wengine ukiwa umebeba uongo wangu mguuni.

Mama Konsolata alikutana nami kisimani baada ya kufukuzwa. Nilitamani anitukane. Akaniuliza tu, "Mama Kemi, mtoto anaendeleaje na lile jembe?" Jinsi alivyolitamka, nilijua kwamba anajua. Niliitua ndoo. Nikamwambia, watu wetu ni waongo, nifanye nini? Akanikatiza. "Si waongo. Wanadanganya kwa sababu wewe umekaa pale unawatazama. Ondoka pale uone."

Nililala na maneno hayo wiki nzima. Kisha nikachukua kibuyu cha baba yako cha rubisi, ile pombe ya ndizi, kile chenye shingo nyembamba, nikakiweka kwenye stoo ya kanisa yenye giza. Jumapili baada ya ibada ya akina mama nikampa kila mwanamke punje mbili za maharage, moja nyekundu na moja nyeupe. Nikawaambia: ingia peke yako. Kama nyumbani kwako kuna mwenye funza tia nyekundu, kama hakuna tia nyeupe, inayobaki nenda nayo kapikie. Hakuna jina, hakuna fomu, na mimi nitakaa nje chini ya mparachichi nimewapa mgongo. Mama Konsolata alikuwa wa kwanza kuingia. Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilitia nyekundu, maana siku zile hata baba yako alikuwa nao kwenye kisigino.

Tukakimwaga kibuyu juu ya mkeka. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nyeupe zilikuwa chache, zimepotea katikati yao. Wanawake walitazama maharage, wakatazamana. Kisha bibi mmoja mzee akaanza kucheka, akasema, "Kumbe tulikuwa tunafichana kitu ambacho wote tunacho!" Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Sijawahi kucheka vile tena, Kemi. Kilikuwa kicheko cha watu waliovua kiatu kinachobana.

Nilikibeba kibuyu mpaka mkutano wa kata. Nikamimina maharage mezani mbele ya wakubwa. Bwana mmoja aliyevaa tai akayasogeza kwa kalamu asichafue makaratasi yake, akasema, "Mama, huu si utafiti. Utafiti una fomu." Nikamwambia, "Fomu tulishajaza mzee wangu, tukajaza uongo. Ile ripoti yenu niliitandikia nyasi mimi mwenyewe. Maharage haya hayamwogopi mtu." Mwenyekiti akanivuta kitenge nikae. Sikukaa. Akanivuta tena. Nikamwambia akinivuta mara ya tatu nitamwachia kitenge niendelee kusema. Watu wakaangua kicheko, na yeye akakiachia.

Nilisema mengi siku ile. Nilisema Mama Konsolata aliusema ukweli na tukamwadhibu. Nilisema nilisonya. Lakini nilipofika kwako, ulimi ukagoma. Watu wote wale, na bwana mwenye tai, na mimi nimeshaitwa shujaa na wanawake nyuma yangu. Nikasema tu, "na watoto wengine waliumia." Mama Konsolata alikuwa ukutani amesimama. Alinitazama, akaangalia pembeni. Hajanikumbusha hata siku moja. Ujasiri wangu wote ulikomea pale, na umekomea pale mpaka leo mchana.

Wakubwa walisema watalifanyia kazi. Sisi hatukungoja. Tulikuwa tumeshajua kwamba funza anakaa kwenye vumbi la sakafu, na nyasi zile za heshima zilikuwa zinamfunika alale vizuri. Saruji hatukuwa nayo. Lakini vichuguu vilikuwepo, na udongo wa kichuguu ukichanganywa na majivu na maji, ukakanyagwa sawasawa, unakauka ukawa mgumu wala hautoi vumbi. Kazi ilikuwa ni hiyo ya kukanyaga. Wanaume walisema wamechoka. Ndipo baba yako, mtu asiyeongea, akasema, "Miguu inayokamua ndizi za rubisi siku nzima, itashindwaje na udongo?"

Nadhani unaikumbuka sehemu hii, ulikuwa umeshaanza kutembea tena. Wanaume walipanga mstari chumbani kama wanavyopanga kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, wameshikana mabega, wanaimba nyimbo zile zile za kukamulia, zile nyingine zisizofaa kuimbwa mbele ya mchungaji. Sisi tulimwaga maji na kuwazomea waliochoka. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Konsolata, kwenye kona ya kiwanja chetu, ambako baba yako alimpa mahali pa kujenga bila kuniuliza. Na kwa mara ya kwanza sikulalamika. Tulipotoka hapo tukaenda ya pili, na ya tatu. Kila aliyetaka kukanyaga ilibidi aonyeshe miguu yake kwanza, aoshwe na apakwe dawa ya duka tuliyoichangia, wala hakuna aliyeona haya kwa sababu hata baba yako alionyesha kisigino chake.

Wazee walinuna. Nyumba bila nyasi! Mgeni atakaa wapi? Tukawaambia mgeni atakaa kwenye mkeka, na akiona mkeka haumtoshi barabara ya Nyaishozi ya kurudi alikotoka anaijua. Funza hawakuisha, nisikudanganye tena. Walipungua. Baadaye walikuja wageni wengine, na hao waliomba waone kibuyu kabla ya kufungua vishikwambi. Safari hiyo dawa zilibaki kwetu, yale mafuta yanayomziba funza pumzi bila pini.

Sasa huko uendako watakuambia funza ni ugonjwa wa watu wachafu. Hata mimi nililihubiri hilo nikiwa na fulana. Wakatae. Nilikuosha kila siku, Kemi, nilikuosha mpaka ukalia. Ulichokosa ni sakafu, na mama asiyeogopa kuchekwa. Na siku utakapoingia nyumba ya mtu ukakuta nyasi mbichi zinanukia, kahawa kwenye kisahani na watoto wanang'aa, furahi, maana wamekuheshimu. Kisha mtume nje yule mwenyeji anayekutembeza. Uliza ni mtoto gani ambaye leo hayupo nyumbani.

Kuna jambo la kesho. Mchungaji anakuja asubuhi kukuombea, na wajomba, na majirani wote. Shangazi yako amepita leo na mzigo wa nyasi kichwani. Anasema, "Utamuagaje mtoto kwenye udongo mtupu kama hana kwao?" Nimempokea, nimemshukuru, nyasi nimempa mbuzi. Sakafu yako ya kichuguu nimeifagia, na hiyo ndiyo watakayoikanyaga. Mama Konsolata nimempangia kiti cha mbele.

Nataka kusimama kabla ya sala niseme mbele yao wote maneno yale yaliyonishinda kwenye kata. Mwanangu alikuwa na funza, nikamficha, nikasema miguu ni mizima. Lakini mguu ni wako. Nilishaamua mara moja kwa niaba yako bila kukuuliza, na unaona kilichotokea. Safari hii utaamua wewe.

Sasa salamu. Kuku hawajambo. Mbuzi ameshiba nyasi za heshima. Mama Konsolata anakusalimu, anasema ukifika uandike. Baba yako atakusalimu mwenyewe kwa kukubebea begi mpaka kwenye basi la Omurushaka bila kusema neno, na wewe utaelewa. Mimi nakupenda, na nimekukosea, na sitaomba unisamehe kwa haraka ili mimi nipumue.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto cha safari, kule mbele, mahali unapojazia kitambaa ili kiatu kisilegee. Kitambaa nimekitoa, kimekunjwa kitandani kwako. Ukitoka chumbani kesho umevaa viatu, nitajua, nitafunga mdomo wangu, na bado nitakuwa mama yako. Ukitoka pekupeku, nitasema. Vyovyote vile, mimi utanikuta mlangoni nikiwapokea wageni, na sitakuwa nimevaa viatu.

Mama yako.